Mulhacén kwa macho ya mpagazi wa Nyiragongo

Mita tisa. Hizo tu ndizo zilizonitoa Goma, mashariki mwa Kongo.

Kwa miaka kumi na mmoja nilibeba mizigo ya watalii kutoka Kibati, chini ya mlima, mpaka mdomoni mwa volkano ya Nyiragongo: makaa, mahema, maji, na siku moja gitaa la Mbelgiji ambaye hakulipiga hata mara moja. Mlima wetu una mita 3,470, namba hiyo naijua kama jina la mama yangu. Basi mwaka jana yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayeishi Málaga, Hispania, anayefanya usafi kwenye mahoteli ya pwani, akanitumia picha kwenye simu: mlima wa Mulhacén, mita 3,479. Chini yake ameandika: "Huyu anapita wa kwenu mita tisa. Kuya uone." Tangu usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mlima wetu ulipopasuka, kazi ya kupandisha wageni ilinifia mkononi, na mgongo ulikuwa umepumzika kuliko unavyotakiwa. Habari za viza sizisimulii hapa, zina machozi yake. Nilifika mwezi wa saba.

Haya nawaandikia ndugu wa Goma na Bukavu wanaokwenda kuona jamaa Hispania halafu wanaishia kupigwa picha mbele ya uwanja wa mpira. Ila mniruhusu nihukumu kama mtu wa kazi hiyo, si kama mtalii.

Sehemu yenyewe inaitwa Alpujarra, ubavu wa kusini wa milima ya Sierra Nevada. Kutoka mji wa Granada unapanda basi la abiria, unapita Lanjarón, ambako maji ya chemchemi hutiwa kwenye chupa na kuuzwa nchi nzima, kisha Órgiva, halafu barabara inaanza kujikunja. Wahispania wawili nyuma yetu walianza kutafuta mifuko ya kutapikia. Mtu aliyepita barabara yetu ya Nyabibwe kwenye lori msimu wa mvua atalala usingizi. Baada ya saa mbili na zaidi unaona vijiji vitatu vyeupe vimepandana juu ya korongo la Poqueira kama watoto wa familia moja waliopangwa kwa urefu: Pampaneira chini, Bubión katikati, Capileira juu.

Nilipofika Capileira nikauliza urefu, ni ugonjwa wa kazi. Mita 1,436. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460. Kwa hiyo nililala usawa wa ziwa letu, na juu yangu kulikuwa na kilele chenye urefu wa mlima wetu. Kama Mungu alichora mara moja na kunakili, basi alinakili hapa, ila akasahau kuweka moto.

Nyumba za huko zinastahili kusimama na kuzitazama. Kuta ni za mawe, nene kiasi kwamba dirisha linakuwa kama pango dogo, zimepakwa chokaa. Mapaa ni bapa, na juu yake wanamwaga udongo wa kijivu unaoitwa launa, unaozuia maji usipitishe hata tone ukishiba mvua. Ukitembea kwenye kichochoro cha juu unaona mapaa ya majirani chini ya miguu yako, na mabomba ya moshi yamevaa kofia za mawe. Mahali pengine nyumba imeruka njia na kukutana na nyumba ya ng'ambo, nawe unapita chini yake kwenye kivuli. Hizo wanaziita tinao. Ni ujenzi wa Waberberi, ndugu zao wangali wanajenga hivyo ng'ambo ya bahari, Moroko. Waislamu walikaa hapa hata baada ya Granada kuanguka mikononi mwa Wakristo mwaka 1492, wakalazimishwa kubatizwa, wakaasi mwaka 1568, vita vikaisha 1571, wakahamishwa. Walioletwa kutoka kaskazini kuchukua nafasi yao walikuta nyumba na mifereji ya maji, wakaendelea navyo. Sisi watu wa Kivu hadithi ya nani alihamishwa na nani alikuja kukaa tunaielewa bila kufafanuliwa. Niliinyamazia.

Chumba tulikodi kwa mama mmoja wa kijijini, yuro 45 kwa vitanda viwili, blanketi za sufi kwa sababu usiku kuna baridi hata mwezi wa saba. Kitanda changu kililia kila nilipogeuka. Lakini bomba! Unafungua saa tisa ya usiku, maji yanakuja. Nilifungua mara mbili kuhakikisha.

Sasa mlima. Wakati wa kiangazi kuna basi dogo la hifadhi ya Sierra Nevada linalotoka Capileira, unaweka nafasi mapema, linakupandisha kwa barabara ya vumbi iliyofungwa kwa magari ya kawaida mpaka Mirador de Trevélez, karibu mita 2,700. Hapo nilicheka kimoyomoyo. Kutoka Kibati mpaka juu tunapanda karibu mita 1,500 kwa miguu, na mzigo. Hawa wanapelekwa zaidi ya nusu ya njia wamekaa kwenye kiti, halafu wanasema wamepanda mlima.

Kwenye basi, mbele yangu, alikaa bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, fimbo mbili za kutembelea, kofia, na mfuko wa mgongoni ulioshiba. Basi liliposimama mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye ule mfuko. Miaka kumi na mmoja si mchezo. Mkono unaona mgeni, unaona mzigo, unaona mlima, unafanya kazi yake. Bibi akaukumbatia mfuko kama mtu anayenyang'anywa mtoto. Yaya akanivuta shati: "Weye! Wacha mfuko ya bibi ya watu. Huku kila mutu anabeba yake." Kisha akamweleza kwa Kihispania mimi ni nani na nimetoka wapi. Bibi alicheka mpaka akakaa kwenye jiwe, akanipa lozi kiganjani, akaniita hijo, yaani mwanangu. Mfuko hakuniachia.

Na kweli, siku nzima sikuona mpagazi. Sikuona askari wa hifadhi mwenye bunduki akitangulia kundi. Sikuona meza ya kulipia kibali. Kuingia hifadhini ni bure. Njia yenyewe inaonekana, mawe yamerundikwa vichuguu vidogo kukuonyesha pa kupita. Kwa mtu anayelipa ni raha. Kwa mtu aliyesomesha wadogo zake kwa mgongo, moyo unauma kidogo: mlima mkubwa namna ile, na haumpi kijana wa kijiji hata dola ya kubeba hema.

Mteremko si mkali. Ni mgongo mrefu wa mawe mapana yanayolia chini ya kiatu kama sahani, hakuna mti, upepo tu. Wahispania waliotoka baharini asubuhi ile walianza kushika vichwa tulipokaribia mita 3,000. Mimi sikusikia kitu, na yaya, ambaye ameishi miaka tisa pwani, alitapika. Nilimwambia damu yake imekuwa ya Málaga. Hakupenda. Tulitumia karibu saa tatu pamoja na mapumziko. Njiani mbuzi wa mwituni, dume mwenye pembe zilizojipinda, alisimama hatua kumi kutoka kwetu akitafuna, hana habari na mtu. Kwetu mnyama asiyeogopa watu angeishia kwenye sufuria siku ileile.

Kileleni kuna kuta za mawe zilizobomoka. Nilidhani ni zizi. Kumbe mwaka 1879 wapimaji wa Hispania na Ufaransa waliweka taa zao pale juu, na wenzao wakawa kwenye milima ya Algeria, wakapima kwa mwanga ule umbali wa kuvuka bahari, Ulaya na Afrika zikaunganishwa kwenye ramani moja. Kijana mmoja alinielekeza kusini: siku ikiwa safi unaiona Afrika. Nilitazama sana. Niliona ukungu wa rangi ya maziwa. Yaya akasema pengine ile nyeusi ni Moroko, nikamwambia hata ikiwa Moroko, Goma bado mbali sana.

Jina la mlima ni la mfalme, Muley Hacén, baba wa Boabdil aliyekuwa mfalme wa mwisho wa Granada. Hadithi inasema alizikwa huko juu. Tarehe 5 Agosti watu wa kijiji cha Trevélez hupanda usiku kwa heshima ya Bikira Maria wa Theluji. Huo ndio usiku ningependa kuuona. Mchana wa kawaida, lazima niseme ukweli, kilele kilinipoza. Upande wa kaskazini kuna jabali la kutisha linalokatika ghafla, na chini magharibi kuna kiziwa kinaitwa La Caldera, kando yake kipande cha theluji kilichobaki, chafu kama chumvi iliyomwagika sokoni. Nilikuwa sijawahi kuona theluji kwa macho, sikwenda kuigusa. Mtu aliyekaa ukingoni mwa Nyiragongo usiku enzi zile, ziwa la moto likipumua chini yake na uso unamwungua huku mgongo unaganda, akifika hapa anauliza: kisha? Kilele, kama kilele, nakipa nyota tatu kati ya tano. Mita tisa zao wakae nazo.

Nisisahau viatu. Nilikodi kwenye duka moja la mjini ambalo silitaji, yuro 12 kwa siku mbili, na yule kijana aliapa kwamba ni vya mlima. Tukishuka, soli ya kulia ikafungua mdomo. Nilitoa kamba mfukoni, nikafunga kama tulivyofunga viatu vya wageni kwenye lava, nikashuka nikichechemea. Nilipovirudisha walitaka nilipie soli. Yaya alikiongea Kihispania ambacho sitaomba kitafsiriwe, wakaacha. Chukueni viatu vyenu kutoka nyumbani, hata mitumba ya soko la Virunga ni mizuri kuliko vile.

Sasa kitu kilichonifanya niandike. Siku ya tatu mguu uliuma, tukaamua kutembea chini chini tu, kufuata mfereji. Wanauita acequia, neno la Kiarabu. Ni mfereji wa udongo na mawe, upana wa hatua moja, umekumbatia ubavu wa mlima na kushuka polepole mno hata jicho linadhani maji yanapanda. Tulimkuta mzee na jembe akiondoa majani na kufungua kilango cha jiwe na mabonge ya nyasi. Kazi hiyo ina jina, acequiero, mlinzi wa mfereji. Nilimwambia kupitia yaya kwamba mfereji wake unavuja. Niliona maji yanatoka pembeni kila mahali, chini yake miti ya chestnut na majani yamenawiri.

Mzee akacheka, akasema unatakiwa uvuje. Kuna watu walikuja na saruji, wakaziba mifereji mingine, maji yakafika haraka shambani, na miti ya chini ikaanza kukauka. Kisha akaonyesha juu. Kule kuna mifereji mingine kabisa, haiendi kwenye shamba lolote. Theluji ikianza kuyeyuka, maji yanaelekezwa kwenye sehemu ambazo ardhi inameza, yanaachwa yazame. Wanaita careo. Maji yanatembea ndani ya mlima polepole, wiki, miezi, halafu yanatokea kwenye chemchemi za chini wakati wa ukame, siku ambazo mto umeshakonda. Ni ufundi wa Waislamu wa zamani, miaka mingi kuliko kanisa la kijiji. Mifereji mingi iliachwa vijana walipohamia mijini, na sasa watu wa Chuo Kikuu cha Granada wanakuja na wenye kujitolea, wanachimbua na wanakijiji, kwa majembe.

Nilikaa kwenye ukingo ule nikavua viatu. Jamani, mimi natoka mji wenye ziwa mlangoni, na mvua inanyesha tukachoka, lakini lava inameza kila tone na haturudishii. Tunalala na bidoni (madumu ya maji) za njano kitandani karibu na mlango ili asubuhi tuwahi foleni. Mwaka 2021, lava ilipoharibu mabomba pale Buhene, dada zangu walikuwa wakishuka ziwani saa kumi alfajiri, chukudu moja, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, ikibeba bidoni kumi na mbili. Na hapa ni mzee na jembe, na mlima uliofundishwa kumeza leo na kutema mwezi wa tisa. Nilimwomba jembe. Alinipa bila kuuliza. Nilifungua kilango kimoja mimi mwenyewe, maji yakaruka upande wa maharage, mzee akasema kitu ambacho yaya alikitafsiri hivi: "Anasema unashika jembe kama mutu wa kwao." Hiyo matembezi ilikuwa bure, saa tatu, na ni nyota tano, ningekuwa na ya sita ningeiweka.

Ukipata nguvu, fuata korongo juu zaidi mpaka La Cebadilla, kijiji kilichoachwa karibu na kituo cha umeme wa maji. Kilijengwa kwa wafanyakazi, sasa milango inapigwa na upepo. Nilikumbuka Matebe, kituo chetu cha umeme wa maji, nikajiuliza nyumba za wafanyakazi wetu zitakuwaje. Hatukukaa.

Chakula: wanakuletea sahani ya kwao, plato alpujarreño, viazi vilivyokaangwa taratibu kwenye mafuta ya zeituni na pilipili tamu, yai juu, na nguruwe wa aina nne: soseji nyekundu, soseji ya damu, nyama, na jamón, paja la nguruwe lililokaushwa kwa upepo wa Trevélez. Yuro 13. Inashibisha kama bugali, inatosha watu wawili wa kawaida au mpagazi mmoja. Wasiokula nguruwe waseme mapema, na waseme mara mbili, kwa sababu kwa watu hawa jamón si nyama, ni kiungo. Hakuna pilipili kali popote. Mboga ni chache, nilitamani sombe, majani yetu ya muhogo.

Kuagiza chakula si kugumu, maneno mengi ni ndugu. Meza ni mesa, sukari ni azúcar, zeituni ni aceituna, na ile hasta wanayosema wakiagana, yaya aliniambia ni hata yetu, Kiarabu kilitugawia sote. Nikapata kiburi. Nikaona kwenye karatasi juisi ya pera, nikaagiza kwa furaha, nikingoja mapera ya Rutshuru. Ikaja juisi nyingine kabisa, ya tunda la baridi, tamu bila harufu. Niliinywa kwa adabu.

Kwa anayetaka kwenda: mwezi wa saba mpaka wa tisa, kwa sababu miezi ya baridi kilele ni barafu na si mahali pa kujaribu. Jaketi ya upepo, kofia, maji lita mbili; juu hakuna chemchemi. Basi dogo ukikosa nafasi, siku imekufa, au utembee kutoka kijijini na hapo mtaheshimiana na mlima. Usilale siku moja tu. Na usikimbilie kilele kwanza kama mimi. Anza na mfereji.

Siku ya kuondoka yaya alinishusha Pampaneira, ambako maji yanapita katikati ya kichochoro kwenye kijifereji cha mawe, kati ya maduka ya mazulia ya kufuma wanayoita jarapa. Nilidhani ananipeleka kununua zulia. Akanisimamisha mbele ya kisima cha Mtakatifu Antonio. Kuna maandishi ukutani: mseja akinywa maji yale kwa nia ya kuoa, anapata mchumba papo hapo. Nina miaka 39 na mama amekwisha kumwambia kila mtu mtaani kwetu Katindo. Wahispania wawili wenye kamera walikuwa wanangoja kuona nitafanya nini. "Kunywa," yaya akasema, "na nia uweke."

Nilikunywa viganja viwili, baridi mpaka meno yakalia. Sasa ni miezi minne. Kisima nakipa nyota mbili kwa sasa, nitarekebisha hesabu ikibidi.